Kilo 90 za unga kwa kila mtu mzima

Somo la walowezi wa Marekani likifika, walimu wengi hutafuta kofia za kitambaa na suruali za mikanda ya mabegani. Watoto wanapigwa picha, wanafurahi, wiki ijayo wamesahau. Mimi naanza na chaki.

Nachora sakafuni mstatili wa mita 3 kwa 1.2. Hiyo ndiyo nafasi iliyokuwemo ndani ya gari la maksai lililoelekea Oregon, magharibi mwa Marekani, miaka ya 1840. Kila kundi la darasa la nne linapewa familia ya watu wazima wanne na mzigo usiozidi tani moja. Wanaorodhesha kinanda, vitanda, jiko. Nawaacha. Halafu natoa makadirio ya mwongozo wa wasafiri uliochapishwa 1845: kila mtu mzima abebe unga kilo 90, nyama ya nguruwe ya chumvi 68, sukari 9, kahawa 4.5 na chumvi 4.5. Wakijumlisha wanapata kilo 700 na ushee, na bado hawajapakia shoka wala pipa la maji. Kinanda kinashushwa, tena kwa ugomvi.

Msichana mmoja akauliza, "Sasa sisi tutakaa wapi?" Hamkai, mnatembea. Njia ilikuwa na kilomita 3,200 hivi, na wengi waliimaliza kwa miguu, kando ya gari. Swali hilo sijawahi kulisikia kwa mtoto aliyevalishwa kofia tu.

Siku ya pili tunasukasuka siagi. Mimina krimu nzito nusu ya chupa ya jemu, funga vizuri, tikisa. Usiitumie ikiwa baridi sana, itawachosha bure. Baada ya dakika chache inavimba, mlio unakatika, na watoto wanasema imeharibika. Waambie waendelee. Ghafla kitu kinagonga kioo: bonge la manjano, na maziwa yake meupe yamejitenga. Waliosafiri na ng'ombe wa maziwa walitundika pipa garini asubuhi, mtikisiko ukawafanyia kazi hadi jioni. (Mwanafunzi wangu mmoja mwenye asili ya Kenya hakushangaa hata kidogo; bibi yake anatumia kibuyu.)

Taa za kopo, zinazopitisha mwanga kwenye matundu, ni rahisi, ila jaza maji kopo na uligandishe kabla ya kutoboa kwa msumari. Mwaka wa kwanza sikugandisha, nikaenda nyumbani na makopo ishirini yaliyobonyea.

Ardhi naiweka mwisho. Sheria ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 akiishi na kulima hapo miaka mitano. Shamba kama hilo, likiwa mraba, lina mita 800 kila upande, nasi tunatembea upande mmoja. Tukirudi natundika ramani ya jimbo la Nebraska na kuwaonyesha walikokuwa Wapawnee, wenyeji wa asili wa huko, wakilima mahindi, kabla ya kuhamishiwa Oklahoma ya leo miaka ya 1870. Mwaka jana mvulana mmoja aliokota chaki akaniuliza gari lao alichore la ukubwa gani.