Nyavu zinajaa, samaki wanaisha

Kazi yangu ni kuhesabu samaki ambao hakuna anayewaona, na swali naloulizwa kuliko yote ni hili: mbona mnasema samaki wanaisha na watu wakienda wanavua vizuri tu? Swali la haki kabisa, na liliwahi kuwaangusha hata wataalamu.

Iko hivi. Samaki wengi wanatembea kwa makundi, na wakipungua hawatawanyiki mmoja huku mmoja kule, wanajikusanya palepale penye chakula na maji mazuri, sasa wewe mwenye sona (chombo cha kutafuta samaki majini kwa mawimbi ya sauti) na GPS unaenda moja kwa moja hapohapo, unashusha nyavu, zinajaa. Mwakani zinajaa tena. Kwenye daftari mavuno ya siku hayajashuka, kumbe eneo walilobaki linasinyaa kila mwaka, afu siku moja unafika hakuna kitu.

Hayo ndo yaliyowakuta Newfoundland, Kanada. Mwaka 1968 chewa wa kule (wale wanaoitwa cod kwa Kiingereza) walivuliwa kama tani 800,000. Miaka ya 80 wavuvi wadogo wa pwani wakawa wanalalamika kwamba samaki wamepungua na hata umbo limekuwa dogo, ila makadirio rasmi yaliegemea sana data za meli kubwa za kukokota nyavu, na hizo bado zilikuwa zinavua vizuri. (Mwenye boti ndogo hawezi kumfukuzia samaki popote, kwa hiyo samaki akipotea yeye ndo wa kwanza kujua. Angesikilizwa.) Julai 1992 uvuvi ukafungwa, watu kama 30,000 wakakosa kazi, wakaambiwa ni miaka 2 tu. Uvuvi wa kibiashara umekuja kufunguliwa tena 2024.

Uchafuzi nao watu wanaona ni mada nyingine, plastiki na kasa basi. Lakini angalia Ghuba ya Mexico: mto Mississippi unashusha mbolea za mashambani, mwani unastawi kupita kiasi, ukifa unazama na kuoza, na bakteria wanaouozesha wanamaliza oksijeni ya kule chini. Kila kiangazi. Samaki na kamba wenye uwezo wa kukimbia wanakimbilia pembezoni mwa yale maji yasiyo na oksijeni na kubanana hapo, na wavuvi nao wanawafuata hapohapo. Yaani uchafu wenyewe unakusogezea samaki nyavuni, na ukiangalia daftari peke yake utadhani bahari imenona.

Kwa hiyo mtu akiniambia wanavua vizuri simbishii, namuuliza mmeenda mbali kiasi gani mwaka huu, na wale majike wakubwa bado mnawapata? Jike mmoja mkubwa anataga mayai mengi kuliko wadogo kadhaa ukiwajumlisha. Na ndo maana mimi napigania zaidi kufunga sehemu wanazokusanyika kuzaliana, kuliko kupunguza siku za kuvua halafu siku zilizobaki meli zote zikarundikana palepale.