Wakili wa hataza: kazi ya sheria inayomhitaji mwanafunzi wa PCM na PCB

Tukizungumza na wanafunzi wa sekondari mjini Tabora kuhusu miliki bunifu, wale wa PCM na PCB (michepuo ya sayansi) huuliza kama sheria si mambo ya wenzao wa HGL na HKL (michepuo ya sanaa na lugha). Kuna uwanja mmoja wa sheria ambamo asiyejua sayansi hupata taabu sana, nao ni kesi za hataza. Ningependa wazazi na walimu wa mkoa huu waufahamu kabla hawajamwambia kijana achague moja kati ya maabara na mahakama.

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi ili kwa muda maalumu mtu mwingine asitengeneze, asitumie wala asiuze uvumbuzi wake bila ruhusa. Kipimo cha kimataifa cha muda huo ni miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa. Mvumbuzi naye hutakiwa kuueleza uvumbuzi wake wazi, kiasi kwamba fundi mjuzi wa kazi hiyo akisoma aweze kuutengeneza. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Hataza, Sura ya 217, na msajili ni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Ombi linaweza pia kupitia ARIPO, shirika la kikanda lenye makao yake Harare. Uvumbuzi lazima uwe mpya, usiwe dhahiri kwa mjuzi wa fani husika, na uweze kutumika kiwandani au shambani.

Tuseme fundi wa Urambo amebuni bani la kukaushia tumbaku linalotumia kuni chache, akapata hataza. Misimu miwili baadaye anaona bani la namna hiyo likiuzwa Kaliua, ila bomba la moshi limepindwa kidogo. Je, ameibiwa? Jibu liko katika sehemu ya hati inayoitwa madai, ambapo kila sentensi huweka mpaka wa haki. Wakili huyavunja madai hayo kipengele kwa kipengele, kisha hulikagua bani la pili na kuuliza kama kila kipengele kimo. Anayeshtakiwa naye mara nyingi hujitetea kwa kusema hataza yenyewe haikustahili kutolewa, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa linajulikana tayari. Hapo wakili huanza kupekua hati za zamani za nchi yoyote, majarida ya uhandisi, hata kilichoonyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya kilimo. Ndiyo maana huwa tunawasihi wabunifu wawasilishe ombi kwanza, Nane Nane baadaye.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa linta, boriti inayobeba ukuta juu ya mlango au dirisha, kitu ambacho kila aliyejenga nyumba anakijua. Kampuni ya Catnic ya Uingereza ilikuwa na hataza ya linta ya chuma, na madai yake yalisema bamba la nyuma linasimama wima. Mshindani, Hill & Smith, akatengeneza ya kwake yenye bamba lililoinama kwa nyuzi 6, kisha nyingine kwa nyuzi 8, akadai hajagusa hataza ya mtu kwa sababu lake si wima. Kesi ilipanda hadi Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho nchini humo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Catnic ikashinda. Kuinama huko kulipunguza uwezo wa kubeba mzigo kwa asilimia 0.6 na 1.2 tu. Mwanafunzi anayejua kwamba kosaini ya nyuzi 8 ni takriban 0.99, yaani karibu sawa na ya bamba wima ambayo ni 1, anaona mara moja kwa nini mjenzi asingejali tofauti hiyo. Wakili asiyeiona atategemea kuambiwa na shahidi mtaalamu, na hataweza kumhoji shahidi wa upande wa pili kwa undani.

Kwa wa kemia, kesi iliyogusa watu wengi zaidi ni ya India. Tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliinyima Novartis hataza ya dawa ya saratani, Glivec, katika umbo la fuwele aina ya beta la imatinib mesylate, kemikali inayotibu iliyomo katika dawa hiyo. Kampuni ilionyesha kwamba umbo hilo huingia mwilini vizuri zaidi kwa asilimia 30. Mahakama ilitaka kuonyeshwa kwamba linaongeza uwezo wa kutibu, na hilo halikuthibitishwa. Bei ya dawa kwa wagonjwa ilitegemea mabishano ya fuwele.

Njia ya kuifikia kazi hii ni ndefu na ina gharama, na sitaificha. Marekani, anayetaka kushughulikia maombi ya hataza mbele ya ofisi yao lazima awe na msingi wa sayansi au uhandisi. Kusimama mahakamani hakuna sharti hilo, ingawa wengi wanao. Pauline Newman alipata udaktari wa kemia Yale mwaka 1952, akasomea sheria baadaye, na mwaka 1984 akawa jaji wa mahakama ya rufaa inayosikiliza kesi za hataza.

Kwetu, ili uwe wakili unahitaji shahada ya sheria, mafunzo katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha kuapishwa na Jaji Mkuu. Mwenye shahada ya sayansi anaweza kusoma sheria akiwa kazini kupitia Chuo Kikuu Huria, lakini asome kwanza mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), maana masharti hutofautiana. Kesi za hataza nchini bado ni chache, kwa hiyo miaka ya mwanzo utaishi zaidi kwa alama za biashara, mikataba ya leseni na kuandaa maombi. Mimi naona huo ni mwanzo mzuri, kwa sababu anayejua kuandika madai yasiyo na mwanya ndiye atakayejua kuyatetea.

Kijana anayetaka kujipima aingie PATENTSCOPE, hifadhi ya mtandaoni ya hati za hataza ya WIPO (Shirika la Miliki Bunifu Duniani), ambayo haina malipo. Atafute hati ya mzinga wa nyuki au ya kikaushio cha tumbaku, asome madai ya kwanza, kisha achore kinachoelezwa bila kutazama picha.