Goldfinger: Sifa Zisizo Zake na Lawama Zisizo Zake

Katika Mji Mkongwe pana pahala pa kahawa na dhumna panapoitwa Jaws Corner, kwa jina la senema. Basi si ajabu mabishano ya filamu yakifika pale yakakesha. Yakigeukia majasusi, Goldfinger ya mwaka 1964 haikosi kutajwa: ni filamu ya tatu ya James Bond, iliyoongozwa na Guy Hamilton, Sean Connery akiwa Bond. Tatizo ni kwamba wanaoipenda huitetea kwa mambo yasiyosimama, na wanaoiponda hukamata kosa ambalo si kosa, wakaliacha lililo kosa hasa. Sisi tunaipenda, na kwa sababu hiyo tunataka ihukumiwe kwa haki. Ambaye hajaiona ajue kuwa mwisho wake hatutauficha.

Dhana: "Hadithi haina akili. Nani ataiba dhahabu yote ya Fort Knox?"

Hii ndiyo lawama inayosikika zaidi, na ndiyo dhaifu kuliko zote, maana kwenye filamu Goldfinger, tajiri mwovu ambaye filamu imepewa jina lake, haibi hata kipande kimoja kutoka Fort Knox, hazina ya dhahabu ya serikali ya Marekani. Kwenye riwaya ya Ian Fleming ya 1959 ni kweli alikusudia kuiba. Waandishi wa filamu waliliona tundu hilo wakaliziba kwa ustadi: walimpa Bond mwenyewe, akiwa mateka, kazi ya kuikosoa riwaya. Anamwambia Goldfinger kuwa dhahabu ya dola bilioni 15 ina uzito wa tani 10,500, kwamba watu 60 watachukua siku 12 kuipakia kwenye malori 200, na kwamba jeshi litafika ndani ya saa mbili. Goldfinger hatetereki, kwa sababu hakusudii kuitoa. Anakusudia kuripua ndani ya hazina bomu chafu la kobalti na iodini, dhahabu ya Marekani isigusike kwa miaka 58, na yake mwenyewe ipande thamani mara kumi.

Tuyapige hayo mahesabu, kwani wachache huyapiga. Wakati ule bei rasmi ya wakia moja ya dhahabu ilikuwa dola 35. Bilioni 15 ukigawa kwa 35 unapata wakia milioni 428.6, kila wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hivyo jumla ni kama tani 13,330. Bond amepunja karibu tani 2,800. Malori nayo hayatoshi: hata tani zake 10,500 zikigawiwa malori 200, kila lori linabeba tani 52 na nusu kwa safari moja, ilhali kontena la futi 20 linalotoka bandari ya Malindi kwa kawaida halipiti tani 30.

Sasa watu wenyewe. Mche wa kawaida wa dhahabu ya hazina una wakia 400 hivi, yaani kilo 12.4, zaidi ya tola 1,060 kwa hesabu ya masonara wetu. Tani 10,500 ni miche kama 844,000. Wagawie watu 60 kwa siku 12: kila mmoja atabeba miche 1,170 kwa siku, zaidi ya tani 14. Akifanya kazi saa kumi bila kupumzika, ni mche mmoja kila nusu dakika. Hamali yeyote wa bandarini atakwambia hilo haliwezekani kwa siku 12 mfululizo. Kwa hiyo Bond kakosea tarakimu, lakini kila kosa lake linaipa hoja yake nguvu zaidi: wizi huo haufanyiki.

Kuna doa moja la kweli hapa. Dola bilioni 15 ni karibu na hazina yote ya dhahabu ya serikali ya Marekani ya miaka ile, na hazina hiyo haikuwekwa Fort Knox peke yake. Filamu imeikusanya yote chini ya paa moja ili hatari iwe kubwa.

Dhana: "Kuiharibu dhahabu hakuwezi kumtajirisha mtu."

Hapa tunaitetea filamu bila kusita. Mwaka 1964 benki kuu za nchi nyingine zilikuwa na haki ya kupeleka dola Marekani na kupewa dhahabu kwa bei ileile ya 35. Nguvu ya dola ilisimama juu ya ahadi hiyo. Dhahabu isiyoweza kushikwa wala kukabidhiwa haiwezi kutimiza ahadi, na aliye na dhahabu safi ndiye anayebaki na bidhaa.

Ushahidi ulikuja miaka saba baadaye, bila bomu. Agosti 1971 Rais Nixon aliufunga mlango wa kubadilisha dola kwa dhahabu. Januari 1980 wakia moja ilifika dola 850. Ni zaidi ya mara 24. Goldfinger aliyekadiria mara kumi alikuwa mwoga wa kukadiria. Filamu ya burudani iliyoielewa biashara ya fedha namna hii inastahili heshima ambayo mara nyingi hainyimwi ila kwa kutosikilizwa vizuri.

Dhana: "Miaka 58 ni namba ya kubuni tu."

Kobalti-60 hupoteza nusu ya nguvu yake ya mnururisho kila baada ya miaka 5.27. Miaka 58 ni vipindi 11 vya namna hiyo, na baada ya kupungua nusu mara 11 kinachobaki ni sehemu moja kati ya 2,048. Aliyeandika 58 ama alipiga hesabu hiyo, ama bahati ilimpeleka palepale. Iodini ndiyo isiyosaidia: iodini-131 hufifia nusu kila siku nane, na miezi michache tu inaimaliza.

Kosa liko kwenye dhahabu yenyewe. Dhahabu iliyopigwa na nyutroni hugeuka dhahabu-198, ambayo nusu yake huondoka kwa siku 2.7 tu na kuwa zebaki. Baada ya mwezi mmoja au miwili tatizo lingebaki kwenye vumbi la kobalti lililoganda juu ya miche, na vumbi huoshwa, na miche huyeyushwa upya na kusafishwa. Ingekuwa kazi ghali, ya hatari na ya miaka, ila si ya miaka 58.

Dhana: "Yule mwigizaji aliyepakwa rangi ya dhahabu alikufa kweli."

Shirley Eaton hakufa. Tarehe 6 Novemba 1964 sura yake, ikiwa imepakwa dhahabu, ilikuwa kwenye jalada la jarida la Life, na aliendelea kuigiza baada ya hapo. Uvumi huu umetokana na filamu yenyewe, kwani Bond anaeleza kuwa mtu aliyepakwa rangi mwili mzima hufa kwa ngozi kukosa pumzi, isipokuwa akiachiwa kipande kitupu chini ya uti wa mgongo.

Binadamu hapumui kwa ngozi; pumzi ni ya mapafu. Hatari ya kweli ni joto. Rangi nzito iliyoziba vinyweleo huzuia jasho kupoza mwili, na mtu akikaa nayo kwa saa nyingi, hasa kwenye hewa kama yetu ya Februari kabla ya masika, anaweza kuzidiwa. Usiku mmoja kitandani kwenye chumba cha hoteli si sababu ya kutosha ya kumuua kijana mwenye afya. Kwa hivyo mauaji mashuhuri kuliko yote ya filamu hii yamejengwa juu ya sayansi ya uongo, na bado tunasema ndiyo picha yake bora: unaelewa tamaa ya Goldfinger kwa kuangalia tu, kabla hajafungua mdomo.

Dhana: "Wanajeshi wanaanguka kabla hata ndege hazijapita. Uigizaji mbovu!"

Angalia tena. Gesi ya sumu ambayo ndege za Goldfinger zilitakiwa kuwanyunyizia walinzi wa Fort Knox ilikuwa imeshabadilishwa, na wanajeshi wanajifanya. Wanaanguka kama watu wanaojifanya.

Dhana: "Bond aliiokoa Fort Knox."

Tumefika kwenye udhaifu wenyewe, na mashabiki huuruka. Tangu anapokamatwa Uswisi, Bond ni mfungwa kwa karibu nusu ya filamu. Anajaribu jambo moja tu la maana: kutia ujumbe na kifaa cha kutoa ishara kwenye mfuko wa Bwana Solo, jambazi anayeondoka. Solo anauawa njiani, gari lake linabanwa na mashine likawa bonge la chuma, na ujumbe unapotea humo. Mpango wa Goldfinger unavunjwa na Pussy Galore, rubani anayeongoza kundi la ndege, ambaye anabadili upande, anawapa habari Wamarekani na kuibadilisha gesi. Bond anapambana na Oddjob, mtumishi na mlinzi wa Goldfinger, na kumuua kwa umeme, hilo ni lake. Lakini bomu, akiwa ameshaufungua mfuniko na kukaribia kung'oa nyaya asizozijua, linazimwa na mtaalamu anayeingiza mkono na kubonyeza swichi.

Shujaa kutofanya kitu si kosa peke yake. Ipo hadithi nzuri ya jasusi aliyefungwa mikono. Kosa ni kwamba aliyefanya kitu hatumuoni akikifanya. Mgeuko mkubwa kuliko wote wa hadithi, uamuzi wa Pussy Galore, umefanyika nje ya picha. Badala yake tumepewa tukio la ndani ya banda, ambamo Bond anamshika kwa nguvu huku yeye akikataa na kumsukuma, mpaka anaacha kukataa, na tunatakiwa tuamini kuwa hilo ndilo lililomgeuza. Hatuliwekei udhuru wa "zamani ilikuwa hivyo". Ni tukio la kulazimisha, na zaidi ya uovu wake linaiharibu hadithi: mwanamke aliyepewa akili, mamlaka na ndege zake, na kuigizwa na Honor Blackman kwa heshima kubwa, ananyang'anywa sababu yake mwenyewe ya kutenda. Mazungumzo ya dakika mbili, yeye akigundua kuwa gesi anayotakiwa kuinyunyiza ni ya kuua wala si ya kulaza usingizi, yangetosha kuliponya lote.

Kuna dosari ya pili hapohapo. Goldfinger anawakusanya majambazi, anawafungulia mfano mkubwa wa Fort Knox na kuwaeleza mpango, kisha anawaua wote kwa gesi. Kama alikusudia kuwaua, maelezo yale yalikuwa kwa ajili yetu watazamaji. Solo naye anauawa pamoja na dhahabu yake ya dola milioni moja ndani ya buti. Milioni moja kwa bei ya 35 ni wakia 28,571, yaani kilo 889. Ongeza gari aina ya Lincoln Continental, zaidi ya tani mbili. Bonge lote hilo linawekwa nyuma ya pikapu ndogo aina ya Ford Ranchero, na pikapu inaondoka bila ya springi kulala. Mafundi wetu wa gari wakiliona hilo hawahitaji kuelezwa.

Dhana: "Ilipigwa ndani ya Fort Knox na Miami."

Connery hakwenda Miami. Matukio yake ya hoteli yalipigwa studio ya Pinewood, Uingereza, na kuunganishwa na picha za Florida. Kati ya waigizaji wakuu ni Cec Linder tu, aliyekuwa Felix Leiter, jasusi wa Marekani rafiki wa Bond, aliyefika huko. Ndani ya Fort Knox hakuruhusiwa mtu. Mbunifu Ken Adam aliibuni hazina nzima kichwani: dhahabu iliyopangwa ghorofa kwa ghorofa nyuma ya nondo zinazong'aa. Kwa uzito wa dhahabu, hakuna mwenye akili atakayeipanga juu kiasi hicho. Kila ghorofa ingeielemea iliyo chini yake. Ni uongo ulio wazi, na ni kazi nzuri kuliko ukweli ambao ungekuwa vyumba vidogo vilivyofungwa.

Uzito huohuo uangalie kwa mikono ya waigizaji. Kwenye uwanja wa gofu Bond anaangusha mche wenye thamani ya pauni 5,000 za Kiingereza. Pauni moja ilikuwa dola 2.80, kwa hiyo wakia moja ni pauni 12.5, na pauni 5,000 ni wakia 400 kamili. Bei imepatikana sawasawa, na tunaipongeza. Lakini kilo 12.4 hazishikwi vile, wala hazirushwi kwa mkono mmoja kama Bond anavyomrushia Oddjob, aliyeigizwa na Harold Sakata, mshindi wa medali ya fedha ya kunyanyua uzani Olimpiki ya London 1948. Pengine yeye angeweza.

Dhana: "Risasi moja ndani ya ndege humfyonza mtu nje."

Mwisho wa filamu risasi inapiga dirisha la ndege na Goldfinger anafyonzwa nje. Tundu la risasi huvujisha hewa tu, na mitambo ya ndege huweza kuifidia. Dirisha zima likitoka ni jambo jingine. Juni 1990 kioo cha mbele cha ndege ya abiria ya Uingereza kiling'oka angani, nahodha akatolewa nje nusu mwili, wenzake wakamshika miguu, na akapona. Kumpitisha mtu mzima mnene kwenye dirisha dogo ni chumvi.

Mawili ya haraka. Sauti ya Goldfinger si ya Gert Fröbe, Mjerumani aliyemuigiza. Ni ya Mwingereza Michael Collins, aliyewekwa juu yake baadaye, na wawili hao wamelingana kiasi kwamba wengi hawajui hadi leo. Na mwale wa leza hauonekani kwenye hewa safi. Ule unaomkaribia Bond aliyefungwa mezani ulichorwa baadaye, na meza ilikatwa kutoka chini kwa moto wa gesi huku Connery amefungwa juu yake.

Atakayeiangalia tena, asimamishe picha pale bomu linapozimwa. Saa inaonyesha 007. Muda mfupi baadaye Bond anasema zilibaki tiki tatu, kwa kuwa awali saa ilipangwa isimame kwenye 003, ikabadilishwa, na maneno yakabaki kama yalivyo.