"Moyo mkubwa" si jina la ugonjwa

Mdogo wangu aliishi na pumu ya uongo kwa miaka tisa. Ukivuka naye daraja la waenda kwa miguu pale Manzese, mkifika katikati anasimama, anatoa simu, anajifanya anajibu meseji. Meseji hakuna. Anatafuta pumzi. Pampu ya pumu ilikuwa kwenye mkoba na haikumsaidia kitu, nasi nyumbani tukasema hajui kuivuta. Alikuwa na miaka 27 alipopigwa eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kwa mara ya kwanza, akaambiwa ana kasoro ya moyo iitwayo Ebstein, tena amezaliwa nayo.

Tangu hapo nimesikia mengi, ya majirani, ya mashangazi, na mengine yalinitoka mimi mwenyewe.

"Ana moyo mkubwa."

Hili ndilo lililotuchelewesha kuliko yote. Eksirei ilionyesha moyo mpana, umevimba kama chungu, karatasi ikaandikwa moyo umetanuka, akapewa vidonge vya kumkojosha, basi. Hapa Dar ukiuliza fulani anaumwa nini moyoni, majibu ni matatu tu: moyo mkubwa, tundu, au presha. Lakini moyo kutanuka ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Homa yaweza kuwa malaria, taifodi au jino bovu. Moyo nao hutanuka kwa presha ya miaka mingi, kwa misuli kuchoka, hata kwa wanawake wengine baada ya kujifungua, au kwa valvu isiyofunga sawasawa. Ukiambiwa moyo umetanuka, usiinuke kwenye kiti hujauliza umetanushwa na nini, na kama ni valvu, valvu ipi.

Kwake ilikuwa valvu ya trikaspidi, mlango kati ya chemba ya juu na ya chini upande wa kulia wa moyo. Mlango huo una mapazia matatu membamba yanayoshikana kwenye fremu. Kwa mwenye Ebstein, mapazia mawili hayakuning'inizwa kwenye fremu, yameshuka ndani ya chemba ya chini. Ni kama fundi aweke mlango katikati ya sebule badala ya kizingitini: nusu ya sebule inakuwa sehemu ya ukumbi. Chemba ya chini inabaki ndogo, mlango unavuja, damu inarudi juu kila moyo unapopiga, na chemba ya juu inatanuka mwaka hadi mwaka. Huo ndio "moyo mkubwa" wake.

Eksirei haiwezi kukuonyesha haya, ECG, kipimo cha umeme wa moyo, pekee haitoshi. Eko ndiyo inayoonyesha. Nilikuwa chumbani: taa zimezimwa, jeli ya baridi kifuani, "Lala ubavu wa kushoto, dada. Toa pumzi yote. Usivute kwanza." Daktari akasimamisha picha, akapima kwa vialama viwili, akarudia, akarudia tena. Kwa kila binadamu valvu hiyo imekaa chini kidogo kuliko mwenzake wa kushoto. Ikishuka kufikia milimita 8 au zaidi kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili, hapo jina la Ebstein linaandikwa.

"Ugonjwa wa kuzaliwa nao ungeonekana utotoni."

Si lazima. Wilhelm Ebstein, daktari wa Kijerumani, aliieleza kasoro hii mwaka 1866 baada ya kumpasua maiti kibarua wa miaka 19. Wapo wachanga wanaozaliwa wamezidiwa tayari, na wapo wanaofika uzeeni hawajui. Jina ni lilelile, ila inategemea mapazia yameshuka kiasi gani na valvu inavuja kiasi gani. Kwa hiyo usimpimie mwanao kwa mgonjwa wa jirani.

Na mtoto wetu mweusi, damu yake ikikosa oksijeni, hageuki bluu waziwazi kama wale wa kwenye picha za vitabuni. Mtazame ulimi, fizi na kucha, mahali penye mwanga wa jua.

"Mama yake alikula sana udongo."

Mama yetu alikula pemba kweli, nani hakula? Udongo unaweza kumletea mjamzito minyoo na upungufu wa damu. Valvu haiharibu. Moyo wa mtoto hujengwa wiki za mwanzo kabisa za mimba, wengine hata hawajajua kama wamebeba, na mara nyingi sababu ya kasoro hii haijulikani. Dawa ya lithiamu, wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa akili, iliogopwa sana zamani. Utafiti wa baadaye ukaonyesha hatari ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Anayeitumia asiiache kienyeji, aongee na daktari wake. Jicho la mtu na kupatwa kwa mwezi naviacha hapohapo vilipo.

"Ni homa ya baridi yabisi, achome sindano."

Homa hiyo huanzia kwenye koo lililooza, na hupenda zaidi valvu ya upande wa kushoto. Penisilini ya kila mwezi ni kinga nzuri kwa mwenye nayo. Haiipandishi valvu iliyozaliwa imeshuka.

"Mapigo yakienda mbio ni mashetani, au mawazo."

Shangazi alishaandaa ubani. Tulipoeleweshwa nilitamani kumwomba mdogo wangu radhi kwa usiku wote niliomwambia "tulia, acha kuwaza." Wenye Ebstein si wachache wanaozaliwa na njia ya ziada ya umeme kati ya chemba za juu na za chini, na umeme ukizunguka humo, mapigo yanapaa ghafla na kushuka ghafla. Yakinaswa kwenye ECG wakati huohuo, fumbo limeisha. Njia hiyo huweza kuunguzwa kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja. Hadhari moja: baadhi ya dawa za kawaida za kupunguza mapigo huweza kuwa hatari kwa mwenye njia hiyo, kwa hiyo karatasi ya eko na ya ECG zikae kwenye simu, zimepigwa picha.

"Lazima apasuliwe, tena India."

Wengi hawahitaji kisu kwa miaka mingi: kliniki, eko kila baada ya muda, dawa ikibidi. Upasuaji huzungumzwa pumzi zinapopungua, rangi ya bluu inapozidi, au moyo unapoendelea kutanuka. Tangu mwaka 1993 upo ufundi ulioanzishwa na daktari José Pedro da Silva wa Brazil: mapazia ya mgonjwa mwenyewe yanabanduliwa, yanashonwa kama faneli, yanarudishwa kwenye fremu yake. Palipo na nafasi ya kutengeneza, ni afadhali kuliko valvu ya chuma, inayokufunga na dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yote. Hapa mjini pa kuanzia ni rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, iliyopo tangu 2015. Kama kesi yako inafanyika hapa au nje, waamue wao wakishakuona.

"Asizae."

Wengi huzaa salama. Ila apimwe kabla ya kubeba mimba, na mwenye bluu hatari yake ni kubwa zaidi. Kinachosahaulika ni vidonge vya majira vyenye estrojeni: vinachochea damu kuganda, na akiwa na tundu moyoni, donge la damu laweza kupita hadi kwenye ubongo. Njia nyingine zipo, aulize.

"Moyo wake una tundu."

Hili nalo ni kweli nusu. Wengi wenye Ebstein wana tundu kati ya chemba mbili za juu, lakini tundu ni mwenzake wa ugonjwa, si ugonjwa wenyewe. Kuliziba peke yake bila kupima kwanza kunaweza hata kudhuru, maana kwa wengine linapunguza shinikizo upande wa kulia.

Mwaka jana aliharisha, akalazwa hospitali moja ya mtaani, akatundikiwa dripu. Akaona povu la hewa linateremka kwenye mrija. Kwa mtu mwingine povu dogo huishia kwenye mapafu. Kwake laweza kuvuka tundu na kwenda kichwani. Akaukunja mrija kwa vidole.

"Dada, toa povu hilo kwanza. Moyo wangu una tundu."

Nesi akaugonga mrija kwa ukucha mpaka povu likapanda. Ebstein hata haikutajwa.