Je, Wajua Shahada ya Hisabati Hurudisha Gharama Yake kwa Muda Gani?

Mkulima mmoja wa mpunga wa Igurusi, wilayani Mbarali, aliniuliza swali ambalo wazazi wengi wa Nyanda za Juu Kusini hubaki nalo moyoni: "Mwalimu, huyu binti amefaulu PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, sasa anataka kusoma hisabati tupu. Akimaliza, ataajiriwa kama nani?" Swali lake ni la haki. Mhandisi ana bodi inayomsajili na daktari ana hospitali, lakini ni nadra mno kuona tangazo la kazi lililoandikwa kwamba anahitajika mwanahisabati.

Tulikaa juu ya magunia, tukapiga hesabu nyuma ya risiti ya mashine ya kukoboa mpunga. Tuliweka ada ya shilingi 1,500,000 kwa mwaka, makadirio tu kwa kuwa kila chuo kina kiwango chake, tukaongeza bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, shilingi 10,000 kwa siku kwa siku 240. Jumla ikawa shilingi 3,900,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu shilingi 11,700,000. Tukalipangia gunia la mpunga bei ya shilingi 100,000 ili hesabu iende, mzee akajibu kabla sijamaliza kuandika: magunia 117.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye fomu yoyote, nayo ni kipato ambacho mwanafunzi hakukipata akiwa darasani. Tuseme mwenzake aliyeishia kidato cha sita anauza katika duka la mchele pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, analipwa shilingi 7,000 kwa siku na kufanya kazi siku 300 kwa mwaka. Katika miaka hiyo mitatu atakuwa amepokea shilingi 6,300,000. Kwa hiyo shahada ya binti huyu inagharimu shilingi 18,000,000, hata kama hakuna aliyezitoa zote mfukoni.

Endapo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu itamkopesha gharama yote ya chuo, jambo ambalo halitokei kwa kila mwombaji, atairejesha kwa makato ya mshahara, ambayo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 ni asilimia 15. Akianza kazi kwa mshahara wa shilingi 800,000 atakatwa shilingi 120,000 kila mwezi, na mshahara usipopanda deni litakwisha baada ya miaka minane na zaidi kidogo ya mwezi mmoja. Hapo awali ingekuwa vigumu zaidi, maana kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Katika deni la shilingi 11,700,000 tozo hiyo ingefika shilingi 702,000 mwaka wa kwanza, karibu nusu ya makato yote ya mwaka huo. Serikali iliifuta mwaka 2021, na tangu hapo deni halizai.

Sasa malipo. Njia inayojulikana zaidi huku kwetu ni ualimu, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichopo Iringa kinaandaa walimu wa sayansi na hisabati kwa kiwango cha shahada. Hisabati ni somo ambalo kwa miaka mingi watahiniwa wengi wa kidato cha nne wamekuwa wakilifeli, hivyo mwalimu wake hakosi wanafunzi wa tuisheni hata pale ajira ya Serikali inapochelewa. Aliyesoma hisabati bila ualimu, akitaka kufundisha baadaye, ataongeza mwaka mmoja wa stashahada ya uzamili katika elimu. Mwaka huo nao una ada, na ndio watu husahau kuuhesabu.

Njia ya pili huvaa majina mengine: mtakwimu, mchambuzi wa data, mtathmini wa hatari katika benki, aktuaria anayekadiria michango na madai ya bima na mifuko ya pensheni. Aktuaria hulipwa vizuri, ila baada ya shahada humsubiri mlolongo wa mitihani ya kitaaluma ya Uingereza au Marekani, ambayo hulipiwa kwa fedha za kigeni.

Mzee alitaka mfano wa karibu, nikamtajia kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole. Mbegu mpya ya viazi ikizaa kuliko ya zamani, nani anajua kama sababu ni mbegu au ni ule upande wa shamba wenye rutuba? Shamba hugawanywa vipande, kila mbegu hupangiwa vipande vyake kwa bahati nasibu, jaribio hurudiwa, kisha hupigwa hesabu ya kama tofauti hiyo ingeweza kujitokeza kwa bahati tu. Kazi hiyo ni hisabati kutoka mwanzo hadi mwisho, ingawa anayeifanya huenda akaitwa mtafiti wa kilimo.

Kwa maoni yangu, anayemaliza akijua kuthibitisha nadharia tu atasubiri kazi kwa muda mrefu kuliko yule aliyejifunza pia takwimu na lugha moja ya kuandikia programu, kama Python au R, ambazo hupatikana bure na huhitaji kompyuta ya kawaida tu.

Mzee alikunja risiti akaitia mfukoni. "Na akikaa miaka miwili bila kazi?" Nikamwambia deni litabaki magunia yale yale 117, ila tutaongeza kwenye hesabu mshahara wa duka la Mwanjelwa wa miaka miwili, shilingi 4,200,000.