Mwakilishi Wadi Si Mfuko wa Michango

Dhana iliyokita mizizi zaidi katika wadi zetu za Kisumu, kuanzia Kondele hadi Nyalenda, ni kwamba mwakilishi wadi alichaguliwa ili alete maendeleo kwa mkono wake mwenyewe. Mheshimiwa akifika matangani hutazamiwa kuchangia jeneza, karo ya mayatima na hata nauli ya waombolezaji, na asipotoa husemwa kwamba amewasahau waliompigia kura. Ukweli ni kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 185, imelikabidhi bunge la kaunti, ambamo mwakilishi wadi ni mjumbe, kazi ya kutunga sheria, kuidhinisha mipango na kuichunguza serikali ya gavana. Haikumpa mwakilishi wadi fedha za kujenga daraja wala mamlaka ya kumteua mkandarasi. Utendaji wake unafaa kupimwa wakati ambao wachache wetu humtazama. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupaswa kufikishwa katika bunge hilo kufikia tarehe 30 Aprili, na kamati ya bajeti inatakiwa kusikiliza maoni ya wananchi kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Mwakilishi anayenyamaza katika majuma hayo, huku zahanati ya wadi yake ikikosa fedha za dawa, amewanyima watu wake kitu kikubwa kuliko mchango wowote wa matanga, na ni haki yetu kumuuliza hadharani.

Wengine huamini kwamba gavana ameshika ufunguo wa hazina na hugawa fedha apendavyo. Mama anayeuza nyanya sokoni Kibuye hulipa ushuru, akakabidhiwa risiti, kisha akadhani kwamba pesa zake zimeenda moja kwa moja ofisini kwa gavana. Kisheria, ushuru huo huingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti pamoja na mgao kutoka serikali ya kitaifa, na hautolewi humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, afisa huru wa kitaifa, wala bila sheria inayoruhusu matumizi hayo. Hata mawaziri wa kaunti anaowateua gavana hawashiki kazi kabla ya bunge la kaunti kuwaidhinisha.

Seneta naye hudhaniwa kuwa mkubwa wa gavana anayeweza kumfuta kazi. Sivyo. Hoja ya kumbandua gavana huanzia katika bunge la kaunti na huhitaji kuungwa mkono na angalau thuluthi mbili za wawakilishi wote, ndipo Seneti isikilize mashtaka na kuamua. Seneta wa Kisumu hutetea maslahi ya kaunti katika ugavi wa mapato ya taifa na hufuatilia matumizi ya mgao huo, lakini hana amri juu ya ofisi yoyote ya kaunti.

Limebaki suala la shule, linalozua malalamiko mengi barazani. Kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, ilhali walimu wa shule za msingi na sekondari za umma huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, na polisi na machifu wako chini ya serikali ya kitaifa. Mzazi anayelalamikia upungufu wa walimu katika darasa la sita hatapata suluhu kwa gavana, lakini paa la darasa la chekechea likivuja, hapo ndipo anapopaswa kubisha hodi kwa gavana.