Kanga Huzeeka Kabla ya Kuchakaa

Anayefungua kabati la mama wa Kiunguja hakosi kukuta doti za kanga ambazo hazijakatwa wala kupindwa, nazo tayari zinaitwa za zamani. Kitambaa ni kizima na rangi haijapauka. Kilichopitwa ni mji, yaani mchoro wa katikati, na jina lake, yaani msemo ulioandikwa juu yake. Baina ya uzee huo na uchakavu wa kweli ndipo ubepari unapopata faida katika mavazi, kwani mwenye nguo nzima hatanunua nyingine mpaka aione ile aliyonayo imeshapitwa.

Visiwa vyetu viliingia mapema katika biashara hiyo. Marekani ilifanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na merikebu za Salem, bandari ya huko Marekani, zikawa zinashusha hapa kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho hadi leo tunakiita merikani, na kupakia pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Pamba ya viwanda vya Marekani ililimwa na watumwa wa kusini mwa nchi hiyo. Huku Unguja merikani ikavaliwa na watumwa vilevile, ama ikiwa nyeupe, ama imetiwa nili ikawa kaniki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoikatiza pamba hiyo, nguo za Bombay zikachukua nafasi.

Utumwa ulipofutwa kwa amri ya mwaka 1897, wanawake wengi walioachwa huru waliziacha merikani na kaniki wakajifunga kanga. Wako wanaosema kwamba walitekwa na maduka, nami sikubaliani nao: mtu aliyevishwa maisha yake yote bila kuulizwa rangi aipendayo ana haki ya kuchagua ua lake. Hata hivyo, hamu hiyo ya heshima ikawa mtaji wa wengine. Wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, waliagiza kanga kutoka viwanda vya Uingereza na Uholanzi, na faida ya kuchapa ikabaki huko, ilhali hasara ya mtindo uliokataliwa na wanawake wa mjini ilimlalia mwenye duka.

Hesabu hiyo haijabadilika sana. Siku za kukaribia Idd, muuza kanga wa Darajani akiulizwa kwa nini doti ya mwaka jana ni rahisi kuliko ya mwaka huu, na zote mbili bado zimekunjwa kama zilivyotoka kiwandani, hujibu kwamba ile imeshavaliwa sana.